Sekta ya Kwanza: Flashi Isiyo na Jedwali la Patisheni

Miongoni mwa vyombo vilivyoenea katika shule zetu kwa muda wa miaka ishirini iliyopita, ni vichache vilivyo vidogo kwa umbo na vizito kwa dhamana kama flashi. Ndani ya kifaa kisichozidi urefu wa kidole gumba, mwalimu wa taaluma huweka alama za mitihani za madarasa yote, na mwanafunzi huweka kazi ya mradi aliyoihangaikia muhula mzima. Flashi hiyohiyo huchomekwa katika kompyuta ya ofisini, kisha katika ile ya steshenari pa kuchapia, kisha katika televisheni ya darasani. Na kila mara mwenye nayo huamini kuwa itasomeka.

Hata hivyo hutokea kwamba flashi iliyosomwa vizuri asubuhi katika mashine moja hukataliwa jioni katika nyingine. Mashine ya pili hudai kuwa diski haijafomatiwa, na humwuliza mtumiaji kama angependa kuifomati. Watu wengi hukata shauri papo hapo kuwa flashi imekufa au imeingiwa na kirusi. Mambo hayo mawili huweza kuwa kweli, lakini iko sababu ya tatu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni hii: huenda flashi ni nzima kabisa, mafaili yamo yote, ila imeandaliwa bila jedwali la patisheni, na mashine ya pili haikutarajia jambo hilo.

Makala haya yakusudia kueleza jedwali hilo ni kitu gani, flashi huwezaje kufanya kazi pasipo nalo, na kwa nini mashine hutofautiana zinapoikuta flashi ya namna hiyo. Msomaji akifuata maelezo haya hatua kwa hatua, ataona kuwa suala lenyewe linahusu baiti 512 tu, na kwamba kuzielewa baiti hizo kwaweza kuokoa kazi ya mwaka mzima.

FLASHI KAMA KOMPYUTA IIONAVYO

Mtu aifunguapo flashi huona mafaili na mafolda yenye majina. Kompyuta haianzii hapo. Kwa kompyuta, flashi ni safu moja ndefu ya visanduku vilivyo sawa kwa ukubwa, vilivyopewa namba kuanzia 0, kisha 1, 2, 3 na kuendelea. Kila kisanduku huitwa sekta, na kwa kawaida huchukua baiti 512. Flashi iuzwayo kwa jina la gigabaiti 16 ina baiti bilioni 16 hivi. Tukigawanya kwa 512 tunapata sekta milioni 31 na robo.

Katika kazi yake ya kila siku kompyuta huitaka flashi mambo mawili: ama isome sekta ya namba fulani, ama iandike katika sekta ya namba fulani. Flashi yenyewe haijui faili ni nini, wala haijui kuwa sekta fulani imebeba alama za hisabati na nyingine picha ya mahafali. Maana yote ya baiti hizo hutoka nje, katika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kama vile Windows, Linux au macOS. Mfumo huo hufuata taratibu zilizokubaliwa tangu zamani za kupanga mafaili. Mpango mmoja wa namna hiyo huitwa mfumo wa mafaili, na ile iliyoenea zaidi katika flashi ni FAT32 na exFAT.

Basi swali la kwanza ambalo kompyuta hujiuliza flashi ichomekwapo ni hili: mfumo wa mafaili umeanzia sekta namba ngapi? Jibu hutafutwa katika sekta namba 0, ambayo ndiyo sekta ya kwanza. Hapo ndipo yanapotengana makundi mawili ya flashi tunayoyazungumzia.

ASILI YA JEDWALI

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwezi Agosti mwaka 1981, ambayo ndiyo mzazi wa kompyuta nyingi tuzitumiazo leo, ilitumia flopi. Kila upande wa flopi uliotumiwa na programu za mwanzo ulichukua kilobaiti 160 tu. Katika chombo kidogo kama hicho hapakuwa na haja ya kugawana nafasi. Mfumo wa mafaili ulianza sekta namba 0 ukaishia sekta ya mwisho, na hata flopi za baadaye za megabaiti 1.44, zenye sekta 2,880, zilifuata desturi hiyohiyo.

Mwezi Machi mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta aina ya XT iliyokuwa na diski kuu ya megabaiti 10 ndani yake, pamoja na toleo la pili la mfumo wa uendeshaji wa DOS. Diski hiyo ilikuwa kubwa kwa siku zile, na ilifikiriwa kuwa mwenye nayo angeweza kutaka kuweka mifumo miwili au mitatu ya uendeshaji, kila mmoja katika eneo lake. Kwa hiyo diski ilitengewa mafungu, ambayo huitwa patisheni, na orodha ya mafungu hayo ikaandikwa katika sekta namba 0. Orodha hiyo ndiyo jedwali la patisheni.

Mpangilio wa sekta hiyo ni rahisi kuukumbuka. Baiti 446 za mwanzo ni programu fupi ya kuwashia kompyuta. Baiti 64 zifuatazo ni jedwali lenyewe, lenye mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Baiti mbili za mwisho ni sahihi, nazo huandikwa 55 na AA katika hesabu za kizio cha 16. Ukijumlisha 446, 64 na 2 unapata 512 kamili. Kila mstari wa jedwali hueleza patisheni moja: ni ya aina gani, imeanzia sekta ipi, na ina sekta ngapi.

Namba ya sekta katika jedwali hili huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo haliwezi kueleza diski inayozidi terabaiti 2 na kitu ikiwa sekta ni za baiti 512. Kwa diski kubwa zaidi kuna jedwali jipya liitwalo GPT, ambalo huwekwa mwanzoni mwa diski na nakala yake ya akiba mwishoni. Katika flashi, hata hivyo, jedwali la mwaka 1983 lingali likitumika sana.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Kiswahili. Mgeni aingiapo mlango wa mbele hujikuta ukumbini, na kutoka ukumbini huona milango ya vyumba kulia na kushoto. Hata kama nyumba ina mpangaji mmoja tu, ukumbi upo. Flashi yenye jedwali ni nyumba ya namna hiyo: sekta namba 0 ni ukumbi, na patisheni ni vyumba visivyozidi vinne. Flashi isiyo na jedwali ni kibanda cha chumba kimoja. Ukivuka kizingiti umekwisha fika chumbani. Kibanda hicho si kibovu, na mwenyewe huishi humo kwa raha. Lakini mgeni aliyezoea kukuta ukumbi, akafumania kitanda na mtungi wa maji mlangoni, huenda akababaika na kudhani kuwa amepotea njia.

FLASHI BILA JEDWALI

Kuandaa flashi bila jedwali maana yake ni kuurudia utaratibu wa flopi. Mfumo wa mafaili huandikwa kuanzia sekta namba 0, na sekta hiyo huwa mali ya mfumo huo wenyewe. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi waliuita mtindo huu supaflopi, yaani flopi kubwa kupita kiasi.

Mtumiaji wa Linux huiona tofauti hii waziwazi. Flashi nzima hupewa jina kama vile sdb, na patisheni yake ya kwanza huitwa sdb1. Anayeandika mfumo wa mafaili katika sdb1 huandika chumbani; anayeuandika katika sdb huandika toka kizingitini na kulifuta jedwali lililokuwapo. Tofauti ni tarakimu moja tu. Programu ya Linux ya kuunda mifumo ya FAT hulitambua jambo hilo: kwa kawaida hukataa kuandika juu ya diski nzima mpaka mtumiaji aithibitishie kuwa ndivyo akusudiavyo.

Flashi za namna hii hutokea kwa njia nyingine pia. Flashi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na jedwali na patisheni moja, lakini baadhi zimetoka bila jedwali. Vilevile, atumiaye programu ya kuficha siri za diski nzima huweza kuifunga flashi yote kuanzia sekta namba 0, hata mashine isiyo na programu hiyo ikaiona kama chombo kitupu.

SAHIHI MOJA KWA BARUA MBILI

Msomaji atauliza: kama sekta namba 0 yaweza kuwa ya aina mbili, kwa nini kompyuta isitazame sahihi yake ikatambua ni ipi? Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Sekta ya kwanza ya mfumo wa FAT nayo huishia kwa 55 na AA, palepale katika baiti mbili za mwisho. Ni barua mbili za maana tofauti zilizotiwa sahihi moja, na sahihi hiyo peke yake haitoshi kuzitenganisha.

Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji hulazimika kupima dalili nyingine. Sekta ya kwanza ya FAT huanza kwa agizo fupi la kuruka, ambalo mara nyingi ni baiti EB, nyingine moja, kisha 90. Kuanzia baiti ya 11, tukihesabu kutoka 0, hufuata maelezo ya mfumo: sekta moja ina baiti ngapi, sekta ngapi hufanya fungu moja la kuhifadhia, na kadhalika. Katika FAT32 huandikwa pia neno FAT32 kuanzia baiti ya 82. Kwa upande mwingine, baiti ya kwanza ya kila mstari wa jedwali la kweli haina budi kuwa 00 au 80. Linux hutumia dalili za namna hii: ikikuta sahihi ipo lakini mistari haina sura ya jedwali, hutazama kama sekta hiyo ni ya FAT, na ikiwa ndiyo huihesabu flashi kuwa haina patisheni.

Je, kifaa kisichofanya upimaji huo hupatwa na nini? Katika sekta ya FAT, mahali ambapo jedwali lingekuwa mara nyingi pana programu ya kuwashia, au maneno ya kumwarifu mtumiaji kuwa diski haina mfumo wa uendeshaji. Tuseme kwamba pale panapopaswa kuwa na namba ya sekta ya mwanzo wa patisheni pameangukia herufi nne d, i, s, k. Katika maandishi ya kompyuta herufi hizo huwakilishwa na baiti 64, 69, 73 na 6B za kizio cha 16. Kifaa kikizisoma kama namba, kitapata 1,802,725,732. Sekta hiyo iko umbali wa gigabaiti 923 hivi kutoka mwanzo, na flashi yetu ina gigabaiti 16 tu. Kifaa huitafuta, hakiioni, nacho huamua kuwa flashi ni mbovu. Flashi haikuharibika, herufi za neno zimesomwa kama namba ya nyumba.

KWA NINI MASHINE HUTOFAUTIANA

Tukiisha kuelewa hayo, tabia za mashine mbalimbali hazitatushangaza tena.

Katika Windows jambo kubwa ni jinsi chombo kinavyojitambulisha. Flashi ichomekwapo hujieleza kama ni chombo cha kutolewa au diski ya kudumu. Nyingi husema ni za kutolewa, na Windows huzipokea hata zisipokuwa na jedwali, kama ilivyozipokea flopi. Lakini diski kuu za nje, na flashi chache, hujitambulisha kuwa ni za kudumu. Kwa hizo Windows hutarajia kukuta jedwali. Isipoliona, huweza kuieleza diski kuwa haijaandaliwa na kumwalika mtumiaji aiandae. Mwaliko huo ukikubaliwa, jedwali jipya huandikwa katika sekta namba 0, juu ya sekta ya kwanza ya mfumo wa mafaili uliokuwapo. Ni kwa ajili hiyo programu ya Linux tuliyoitaja imeongezewa uwezo wa kuandika jedwali la bandia ndani ya sekta ya FAT, ili Windows iridhike.

Jedwali nalo lina mambo yake. Kabla ya toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2017, Windows ilionyesha patisheni ya kwanza tu ya flashi ya kutolewa, hata kama jedwali lilieleza tatu au nne.

Redio za gari, televisheni, printa na mashine za fotokopi zina kompyuta ndogo ndani yake, na programu zake ziliandikwa kwa ajili ya hali ambazo mtengenezaji alizifikiria. Zipo zisomazo mitindo yote miwili, na zipo zitafutazo mstari wa kwanza wa jedwali basi. Nyingi haziwezi kubadilishwa na mtumiaji. Kadi za SD zitumiwazo katika kamera na simu ziko katika hali bora kidogo, kwa kuwa kanuni za chama cha watengenezaji wake zinaagiza ziwe na jedwali la patisheni pamoja na mfumo wa FAT au exFAT kulingana na ukubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kushauriwa kutozifomati kadi hizo kwa mtindo mwingine.

Jambo jingine liwababaishalo wanafunzi hutokea baada ya kuandika Linux katika flashi ili kuiweka katika kompyuta. Nakala hiyo huandikwa juu ya flashi nzima kuanzia sekta namba 0, na huja na jedwali lake. Mtu akiichomeka katika Windows huenda akaona chombo cha megabaiti chache badala ya gigabaiti 16, akadhani kuwa flashi imepunguka. Haikupunguka. Kilichobadilika ni jedwali, nalo likiandikwa upya nafasi yote hurudi.

FAIDA ZIDAIWAZO

Wako watetezi wa flashi isiyo na jedwali, na haki yataka hoja zao zisikilizwe.

Hoja ya kwanza ni nafasi. Siku hizi patisheni ya kwanza huanzia kwa kawaida sekta namba 2048, yaani megabaiti moja nzima kutoka mwanzo, na eneo hilo karibu lote hukaa bure. Ni kweli, lakini megabaiti moja katika gigabaiti 16 ni sehemu moja kati ya 15,000 hivi. Atakayefuta jedwali kwa ajili ya kuokoa nafasi hiyo ataokoa chini ya picha moja ya simu.

Hoja ya pili ni kasi, na hii yahitaji maelezo. Kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliitangaza mwaka 1984, haiandikwi baiti mojamoja. Huandikwa ukurasa kwa ukurasa, na hufutwa kwa mafungu makubwa yenye kurasa nyingi. Mfumo wa mafaili ukianza katikati ya ukurasa, andiko moja huweza kugusa kurasa mbili. Zamani patisheni ya kwanza ilianzia sekta namba 63, ambayo ni baiti 32,256. Namba hiyo haigawanyiki kwa 4,096 bila baki, kwa hiyo kasi iliweza kupungua. Kuanzia sekta namba 0 kuliepa kasoro hiyo. Lakini tangu Windows Vista desturi imekuwa kuanzia sekta namba 2048, nayo hugawanyika vizuri. Basi hoja hii, iliyokuwa na uzito zamani, imepoteza nguvu.

Hoja ya tatu ni urahisi: pasipo jedwali hapana jedwali la kuharibika. Hoja hii ni ya kweli kwa flashi ikaayo mahali pamoja, katika mashine moja, mikononi mwa mtu ajuaye alichokifanya. Vifaa vingine vya zamani pia husoma mtindo wa flopi peke yake, na kwa hivyo flashi isiyo na jedwali ndiyo dawa yake.

Lakini flashi ya mwalimu au ya mwanafunzi haikai mahali pamoja. Imenunuliwa ili isafiri. Chombo cha msafiri hupimwa kwa idadi ya milango itakayomfungukia, na hapo jedwali lenye patisheni moja huishinda megabaiti iliyookolewa.

MASHINE IKIKUULIZA

Sasa tufikie jambo la lazima kuliko yote. Mashine isemapo kuwa flashi yahitaji kufomatiwa, maana yake ni kwamba mashine hiyo haikuutambua mpango iliouona. Haina maana kuwa flashi ni tupu. Kutosomeka na kutokuwamo ni mambo mawili mbalimbali. Kitabu cha Kiarabu mikononi mwa asiyejua Kiarabu kingali kimejaa maneno.

Kwa hiyo utaratibu ufaao ni huu:

1. Ghairi. Usikubali kufomati wala kuandaa diski, hata kama mashine inarudia kuuliza.

2. Jaribu flashi katika kompyuta nyingine, hasa ile iliyoisoma mwanzo, au yenye Linux.

3. Ikisomeka, nakili kwanza mafaili yote katika kompyuta hiyo, na ufungue machache kuhakikisha kuwa ni mazima.

4. Baada ya hapo ndipo uiandae upya kwa jedwali lenye patisheni moja. Angalia kuwa kufomati kwa kawaida hupanga upya chumba tu, wala hakujengi ukumbi. Kuandika jedwali kwahitaji programu ya diski, kama diskpart ya Windows, fdisk ya Linux au Disk Utility ya macOS. Hakikisha namba ya diski mara mbili kabla ya kuendelea, maana programu hizo humtii hata mtu aliyechagua diski ya ofisi.

Kama mtu amekwisha kubali na sekta ya kwanza imeandikwa juu, bado asikate tamaa, ila aache mara moja kuandika chochote katika flashi. Waliounda mifumo ya mafaili walitambua kuwa sekta ya kwanza ni mahali pa hatari. FAT32 huweka nakala ya akiba ya sekta hiyo kwa kawaida katika sekta namba 6. ExFAT huweka nakala ya eneo lake la mwanzo kuanzia sekta namba 12. Na NTFS huiweka mwishoni mwa eneo lake. Programu ya bure iitwayo TestDisk huweza kuitumia nakala hiyo kuirudisha sekta iliyopotea. Ikiwa kilichofanyika ni kufomati hasa, kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa orodha ya mafaili nayo imefutwa. Na kufomati kamili katika Windows, tangu toleo la Vista, huandika sifuri katika eneo zima. Hapo hakuna cha kurudisha.

Juu ya hayo yote, kazi isiyo na nakala ya pili mahali pengine haijahifadhiwa, hata flashi ikiwa na jedwali zuri namna gani. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na neno hilo halijachakaa.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu aweza kuandika ubaoni mstari huu mmoja wa jedwali, wa flashi ya gigabaiti 16, kwa hesabu za kizio cha 16:

00 20 21 00 0C FE FF FF 00 08 00 00 00 00 D0 01

Baiti ya kwanza, 00, yaonyesha kuwa patisheni hii haikuwekewa alama ya kuwashia kompyuta. Baiti ya tano, 0C, ni aina ya FAT32. Baiti ya tisa hadi ya kumi na mbili ni sekta ya mwanzo, na nne za mwisho ni idadi ya sekta. Katika namba hizi baiti yenye thamani ndogo hutangulia, kwa hiyo zisomwe kinyumenyume.

Wanafunzi watafute: (a) patisheni imeanzia sekta namba ngapi, (b) ina sekta ngapi, (c) ina baiti ngapi, (d) kama flashi ina sekta 31,250,000, je, patisheni inaenea ndani yake? Kisha wajaribu kusoma kwa njia hiyo hiyo herufi nne d, i, s, k, na waeleze ni kwa swali gani kompyuta ingegundua kuwa imedanganyika.

Majibu: (a) 00 00 08 00 ni 8 mara 256, yaani 2,048. (b) 01 D0 00 00 ni 16,777,216 kujumlisha 13,631,488, yaani 30,408,704. (c) Ukizidisha kwa 512 unapata baiti 15,569,256,448. (d) Inaenea, kwa sababu 2,048 na 30,408,704 ni 30,410,752. Swali lililogundua udanganyifu ni hilo la mwisho: patisheni haiwezi kuanzia nje ya chombo kilichoibeba.

Zoezi hili lafundisha zaidi ya habari za flashi. Namba zilizohifadhiwa hazina maana mpaka pawepo makubaliano ya namna ya kuzisoma, na msomaji mwangalifu hupima kama maana aliyoipata yawezekana kabla ya kuitendea kazi. Mashine iliyotuuliza kama tufomati haikupima vya kutosha. Kupima huko kumebaki kwetu sisi tulioshika kitufe.